"Nakuhusudu, shoga yangu": ni sifa au ni shari?

Msomaji mmoja, mwanamke aliyekulia Singida na sasa ameolewa Tanga, ameniandikia barua ndefu. Amefungua chumba cha ushonaji, kazi imekubali, ameongeza cherehani ya pili na msichana wa kumsaidia. Tangu hiyo cherehani ya pili iingie, anasema, maneno ya wivu yamemzunguka kila upande. Rafiki yake, mwenyeji wa Tanga, alisimama mlangoni akatazama nguo zilizotundikwa, akamwambia, "Nakuhusudu, shoga yangu!" Wifi yake alisema mbele ya wageni, "Mwenzenu mimi naona gere." Mumewe naye siku hizi anamhoji juu ya kila mteja wa kiume anayeleta suruali kupunguzwa, na usiku anakagua simu yake. Akiulizwa anajibu, "Nakuonea wivu kwa sababu nakupenda." Dada huyu amemkatia mguu yule rafiki, wifi anamvumilia, mume amemsamehe. Swali lake: je, maneno haya matatu ni kitu kimoja? Na mtu akitaka kumwambia mwenzake kwamba anatamani mafanikio kama yake, bila ubaya wowote, aseme neno gani?

Dada yangu, kwa jinsi ninavyoyasikia maneno yenyewe, uliyemkatia mguu ndiye aliyekusifu, na uliyemsamehe haraka ndiye wa kukaa naye chini mkazungumza. Wifi nitamfikia.

Kiswahili kina maneno mengi ya hali hii kwa sababu hali yenyewe ina sura zaidi ya moja. Kuna anayekilinda alichonacho kisichukuliwe. Kuna anayetaka naye apate kama chako. Na kuna anayetaka chako kikutoke, hata kama yeye hatakipata. Huyu wa mwisho ndiye Waswahili wanayemwogopa, wakamwekea majina, dua na kanga. Kila neno nitakalolitaja hapa, lipime kwa swali moja: msemaji anataka nini kitokee kwenye kile kilicho chako?

Tuanze na lililokuumiza. Kuhusudu kumetoka kwenye Kiarabu, hasad, na ndugu zake ni husuda, hasadi, uhasidi na hasidi mwenyewe. Kwa Mwislamu wa pwani neno hili limo masikioni tangu chuoni, yaani madrasa. Sura ya Al-Falaq, ya 113 katika Kurani, ni fupi, aya tano tu, kwa hiyo mtoto huihifadhi mapema. Na aya yake ya mwisho inaomba kinga dhidi ya shari ya hasidi anapohusudu. Mtu aliyekua akiisoma sura hiyo kabla ya kulala anajua vizuri kwamba husuda ni jambo la kukimbiwa.

Lakini katika dini hiyohiyo kuna hadithi mashuhuri, wameipokea Bukhari na Muslim, isemayo kwamba hakuna husuda ila katika mambo mawili: mtu aliyepewa mali akaitumia katika haki, na mtu aliyepewa hekima akahukumu kwayo na kuwafundisha wengine. Wanazuoni wakafafanua kwamba husuda iliyoruhusiwa hapo ni kutamani upate mfano wa alichopata mwenzako bila kuomba kimwondokee. Kiarabu kinayo nomino maalumu ya hali hiyo, ghibta. Kiswahili hakikulichukua neno hilo. Badala yake kitenzi kuhusudu kikaachwa kibebe mizigo yote miwili, wa shari na wa heri. Ndiyo maana utasikia mtangazaji wa mpira akisema mashabiki wanamhusudu kiungo fulani, au mwanafunzi akisema anauhusudu mwandiko wa mwalimu wake. Hapo hakuna anayeombewa mabaya. Maana yake ni kuvutiwa mno, kupenda hadi ukatamani ungekuwa wewe. Kamusi zetu nazo zinaiweka maana hiyo karibu na ile ya kuona wivu.

Sasa tazama jambo la sarufi ambalo wengi hulipita bila kuliona. Kitenzi ndicho kilichosogea kuelekea upande wa sifa; nomino hazikusogea. Unaweza kumwambia mtu "nakuhusudu" mkacheka pamoja. Jaribu kumwambia "nina husuda nawe", au "mimi ni hasidi wako", uone kama atakukaribisha chai. Husuda, hasadi na hasidi zimebaki na shari yake yote. Halafu angalia nafsi. "Nakuhusudu", nafsi ya kwanza, usoni mwa mwenyewe, mchana kweupe, karibu kila mara ni sifa. "Yule anakuhusudu", nafsi ya tatu, kwa sauti ya chini, mwenyewe akiwa hayupo, ni onyo. Sababu yake iko wazi kwa mtu yeyote aliyekaa na watu: hasidi hatangazi hasadi yake mlangoni kwako. Anayekuombea duka lifungwe hasimami akatazama nguo zako na kukwambia kinachopita moyoni mwake. Shoga yako alikwambia.

Najua kwa nini wewe ulilisikia vingine. Umeniambia umekulia kanisani. Katika Biblia ya Kiswahili inayosomwa na wengi, ile tafsiri ya Union, neno hili liko upande mmoja tu. Waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, ile isomwayo kila harusi, unasema upendo huvumilia, hufadhili, upendo hauhusudu. Mithali 14 inasema husuda ni ubovu wa mifupa. Mtu aliyelelewa na maneno hayo, akaenda kuishi mahali ambapo kuhusudu ni neno la barazani la kila siku, atashtuka. Haikuwa dharau yako wala ubaya wake. Neno lilitoka kwake likiwa na uzito mmoja, likakufikia na uzito mwingine.

Na "shoga" pia, kwa kuwa hukuligusa katika barua yako lakini nadhani lilikukwaruza. Kwa wanawake wa pwani shoga ni rafiki wa kike wa karibu, mnayepikiana, mnayefichiana siri, mnayeazimana kanga za kwenda msibani. Bara neno hilo siku hizi limebeba maana nyingine kabisa, ya kumtukana mwanamume. Tanga, kinywani mwa mwanamke mwenzako, ni heshima. Hapewi kila mtu.

Kuna kitu kimoja tu ambacho ningetamani rafiki yako angekiongeza, nacho ni "mashallah". Adabu ya pwani inataka ukisifu mtoto, nyumba, nywele au biashara ya mtu, ulitaje jina la Mungu, kwa sababu watu wanaamini jicho linalosifu bila kumkumbuka aliyetoa linaweza kudhuru hata kama mwenye jicho hakukusudia. Ndiyo sababu utaona kichanga kimepakwa nukta ya wanja kwenye paji la uso, ili jicho la mpitaji likae hapo lisimwingie mtoto. Si lazima uyaamini haya ili uyaheshimu. Mtu akikwambia "mashallah, nakuhusudu", amekufungia mlango wa shaka yeye mwenyewe. Huenda alisema hata hilo la kwanza, wewe ukalishika lile la pili.

Hasidi anastahili kusemwa peke yake. Kuna kanga maarufu sana imeandikwa "Hasidi hana sababu", na sidhani yupo mwanamke wa pwani asiyeijua. Maneno matatu, na yamemaliza kazi: usihangaike kutafuta ulimkosea nini, hukumkosea kitu. Adui wa kawaida ana kisa. Mmegombania mpaka, mmedhulumiana, mmetoleana maneno. Hasidi kisa chake ni kwamba wewe umepata. Watu wengi siku hizi, hata magazetini, wanachanganya hasidi na hasimu. Hasimu ni mpinzani, mko pande mbili za jambo moja na kila mmoja anajua. Timu mbili zinaweza kuwa mahasimu kwa miaka mingi na wachezaji wake wakala sahani moja. Kumwita mpinzani wako hasidi ni kumshtaki kwa jambo zito kuliko lile alilofanya, kwa hiyo naomba tulitunze neno hilo kwa wanaolistahili.

Kanga ina kazi kubwa katika lugha hii ya wivu, na wewe uliye fundi wa nguo utaliona hili kila siku mezani kwako. Mwanamke hahitaji kufungua mdomo. Anajifunga kanga ya "Usisafirie nyota ya mwenzio", anapita mbele ya mlango wa anayemkusudia, anarudi, basi. Aliyelengwa anajua, na majirani wanajua kwamba anajua. Usemi huo mimi naupenda kwa namna ulivyochongwa: nyota ni bahati ya mtu, na kuisafiria ni kutaka kwenda safari kwa bahati ambayo haikuandikwa jina lako. Humo ndani mna karipio, lakini mna huruma pia, maana unamkumbusha anayekuonea kijicho kwamba naye ana nyota yake.

Sasa wifi. Gere ni neno la pwani, linashikana na kitenzi kuona: kuona gere, kumwonea gere mtu. Ukimsikiliza anayelitumia, mara nyingi anazungumzia watu walio karibu na jambo lililo dogo: mtoto aliyepata mdogo wake na sasa anataka naye abebwe, dada aliyeona mwenzake kanunuliwa viatu, mke mwenza aliyehesabu siku. Gere haina ukali wa husuda, ila si sifa. Mtu anayesema "naona gere" anakiri kwamba kuna kitu kimemchoma na anataka kujua nafasi yake iko wapi. Ukisikia neno hilo ndani ya familia, jiulize kabla ya kukasirika: nani alikuwa akishonea familia hii kabla hujaja? Wifi yako alipata nguo ya Idi kutoka kwako, au alilipishwa kama mteja? Simjui, na huenda ana roho mbaya. Lakini aliyesema mbele ya wageni, wewe ukiwepo, naye amechagua kusema badala ya kuficha. Msogeze karibu kabla gere haijakaa ikageuka kinyongo. Kinyongo ni kibaya zaidi, maana kinyongo hakisemi.

Ndugu wa gere ni ngoa, ambalo vijana wengi hawalijui tena. Kulia ngoa ni kuwa na wivu, kumlilia mtu ngoa ni kumwonea wivu yeye. Neno hilo lina maana nyingine ya kale, ashiki, tamaa ya mwili, na watu wa zamani walisema kutimiza ngoa. Usilichanganye na kung'oa jino; lile lina king'ong'o, hili halina. Wivu na tamaa kukaa ndani ya neno moja kunanipa picha ya jinsi wahenga walivyoiona hali hii: mwili unataka, haupati, unalia.

Na sasa mumeo, ambaye kwake nitakaa zaidi, kwa sababu neno alilotumia ndilo tunalolisamehe upesi kuliko yote.

Wivu ni neno la Kibantu, halina uarabu ndani yake, na ndilo pana kuliko mengine. Linachukua mapenzi, mali, cheo na uzuri. Upana huo ndio unaoleta utata, na utata wenyewe umejificha kwenye kitenzi kuonea. Chukua sentensi hii: "Juma anamwonea wivu mkewe." Isome mara mbili. Katika usomaji wa kwanza Juma anamlinda mkewe, anaogopa wanaume wengine. Katika wa pili Juma anamhusudu mkewe, kwa sababu mke amepanda cheo na yeye yuko palepale. Maneno ni yaleyale, hakuna hata herufi iliyobadilika. Kinachotofautisha ni jibu la "kwa nini". Ukijibiwa "kwa sababu wanaume wanamtazama", ni ule wa kwanza. Ukijibiwa "kwa sababu siku hizi yeye ndiye analipa ada za watoto", ni ule wa pili. Anayetaka kuuondoa utata husema "ana wivu na mkewe" kwa ule wa kulinda, na kwa ule mwingine anataja kitu chenyewe: anauonea wivu mshahara wa mkewe.

Mumeo amekuambia sentensi hiyo yenye maana mbili, na wewe umeichukua ile ya kwanza kwa kuwa ndiyo inayofariji. Lakini barua yako mwenyewe inasema ukaguzi wa simu ulianza baada ya cherehani ya pili. Kabla ya hapo wateja wa kiume walikuwepo, suruali zilikuwa zikipunguzwa, na hakuuliza. Kilichobadilika ni kipato chako. Sisemi kwamba nimeujua moyo wake. Nasema tu kwamba maana ya pili ya sentensi ile inastahili kuulizwa kwa upole, mkiwa wawili: mume wangu, unaogopa nitachukuliwa, au inakuuma kwamba ninapata? Mwanamume akiulizwa hivyo na mtu anayempenda anaweza kujibu kweli, na ukweli huo una dawa. Mnaweza kupanga pamoja matumizi ya nyumba, anaweza kuingia kwenye biashara kwa kazi inayojulikana, anaweza kuambiwa kwamba hajapungua. Ila akibaki amejificha nyuma ya "kwa sababu nakupenda", hakuna kitakachotibiwa.

Msemo wa "wivu ni dalili ya mapenzi" tumeurudia mpaka umekuwa kama aya. Una mahali pake: hata Biblia hiyohiyo inayosema upendo hauhusudu, katika Kutoka 20 inamwita Mungu mwenyewe Mungu mwenye wivu. Watafsiri walijua walichokifanya. Wivu wakampa mwenye agano anayetaka kiapo kishikwe, husuda wakampa asiyependa. Hivyo wivu wa ndoa, ule wa kusema "tumeahidiana, usicheze na ahadi", si aibu kuwa nao. Lakini wivu wa namna hiyo unaitazama ahadi. Ukianza kutazama simu, na mteja, na saa ya kurudi, na rangi ya nguo, ahadi imeshaachwa njiani.

Niseme jambo linaloniumiza kila ninapofungua gazeti. Mwanamke ameuawa, na taarifa inasema "chanzo cha tukio ni wivu wa mapenzi". Tumelizoea neno hilo hadi hatulisikii tena. Lakini likisikilizwa vizuri, limeweka mapenzi mahali ambapo hayakuwepo, na limemfanya muuaji aonekane kama mtu aliyependa kupita kiasi. Ningependa waandishi waandike kilichotendeka: alimpiga, alimtishia kwa miezi kadhaa, alimzuia kuondoka. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inaruhusu. Wivu haukuachiwa nafasi hapo. Barua yako haina kipigo, nashukuru. Kikiingia, usikae kutafuta maana ya neno. Nenda kwenye dawati la jinsia la polisi, au kwa mzee unayemwamini akufikishe huko.

Uhusiano wa wivu na nyumba ni wa zamani kuliko sisi. Pita kwa majirani zetu uone. Kwa Kiganda mke mwenza ni muggya, na wivu ni obuggya. Kwa Kijaluo mke mwenza wangu ni nyieka, na wivu ni nyiego. Kwa Kikuyu mke mwenza ni mũiru, wivu ni ũiru. Lugha tatu, moja kati yake hata si ya Kibantu, zote zimeling'amua jambo lilelile katika boma lilelile: wake wawili, mume mmoja, chungu kimoja, na kila mmoja anahesabu. Kiswahili kina ukewenza na mitala, na wivu kimeuacha ukatembea peke yake mpaka sokoni na ofisini. Lakini hata huko haukusahau ulikotoka. Wanaooneana wivu bado ni wale wanaogawana kitu kimoja: mafundi wa mtaa mmoja, wauguzi wa wodi moja, watoto wa baba mmoja. Hakuna fundi wa Tanga anayemwonea wivu mshonaji wa Paris.

Maneno ya mwilini nitayapitia haraka, ingawa ni matamu. Kijicho ni jicho lililofanywa dogo: mtu kabana kope anakutazama unavyofungua duka. Akikutazama kwa pembeni ni kijicho pembe. Kijiba cha roho ni mwiba mdogo uliomwingia mtu ndani, haumuui, haumwachi alale. Roho mbaya kila mtu anaijua. Vijana wa Dar es Salaam wakaiita roho ya korosho, na ile inayonifurahisha zaidi ni roho ya kwa nini, kwa kuwa imenukuu mawazo ya mtu neno kwa neno: kwa nini yeye, kwa nini si mimi. Mwenye wivu anaumia, ana donge, roho inamuuma. Wenye kurusha maneno mtandaoni wanamwambia "utakufa siku si zako", na wanapoweka picha ya gari jipya wanaandika chini yake "povu ruksa", yaani wenye hasira na waseme watakavyo. Mimi hizo za mwisho sizipendi. Anayeandika hivyo kabla hajashambuliwa na yeyote anawageuza rafiki zake wote kuwa mahasidi, wakiwemo waliokuwa wakitaka kumpa hongera.

Hofu ya kweli huanza pale mtu anapotoka kwenye kuona na kuingia kwenye kutenda. Hapo lugha inabadilisha vitenzi. Kumpikia mtu majungu ni kumchongea kazini, kimya kimya, hadi bosi ameze. Kutia mchanga kitumbua cha mtu ni kumharibia riziki iliyokuwa imeshaiva. Kumbania ni kumzibia njia uliyoishika wewe. Haya ndiyo ya kuyatazama, dada. Mteja akiambiwa kwamba unachanganya vitambaa vya watu, na si kweli, na maneno hayo yametoka mahali fulani, hapo umepata hasidi, na huenda hakuwahi kutamka neno lolote la wivu mbele yako. Wenye kutenda huwa wakarimu wa tabasamu.

Umeuliza pia useme nini wewe ukiona cha mwenzio kikakupendeza. Neno ninalokupa ni ghera. Nalo ni la Kiarabu, na kwetu limetulia kwenye maana ya hamu inayosukuma kazi, shauku ya kutobaki nyuma. "Umenitia ghera" ni sifa isiyo na mwiba hata kidogo: nimeona ulichofanya, na kesho naamka mapema. Bara wanasema "umenitia ari", au "nina wivu wa maendeleo", na huo wa maendeleo ni uvumbuzi mzuri wa Watanzania, kwani kwa kuongeza neno moja tu wivu umegeuzwa uso. Bado mimi huchagua ghera, kwa sababu wivu wa maendeleo unategemea msikilizaji asikie hadi mwisho wa kifungu. Mwenye haraka atashika neno la kwanza aondoke nalo. Ukitaka kusema kwa lugha ya kawaida kabisa, sema "natamani na mimi nifike hapo". Lile "na mimi" ndilo linalotakasa: halikupunguzii, linaomba nafasi pembeni yako. Maliza kwa "Mungu akuzidishie". Hakuna anayeweza kuomba uzidishiwe na papo hapo akawa anataka kikutoke.

Yule rafiki yako usimtumie ujumbe wa simu, maandishi yatawakosesha tena. Nenda kwake alasiri, wakati wa kahawa. Huna haja ya kuomba radhi kwa hotuba. Mwambie kwenu neno lile ni zito na lilikushtua, naye atakucheka, na atakueleza kwao linavyosemwa. Kisha muulize anashonewa wapi siku hizi, na umchukulie vipimo.